Stelingi Akifa: Somo Kutoka kwa Watazamaji wa Infernal Affairs



Kuna sheria moja ya filamu ambayo wengi wetu tuliijua kabla hatujajua kusoma: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, pengine atapata risasi ya bega, lakini mwisho atasimama na adui atalala chini. Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Kampala, mbele ya VJ anayetafsiri kwa Luganda huku akiongeza chumvi yake mwenyewe, wanaijua vizuri sheria hiyo. VJ akishamtaja stelingi, kibanda kizima kina upande.

Mwaka 2002 ilitoka Hong Kong filamu iliyovunja sheria hiyo bila kuomba radhi. Inaitwa Infernal Affairs. Ni filamu ya askari kanzu aliyeingizwa ndani ya genge, na tangu ilipotoka watazamaji wake hawajaacha kubishana juu ya dakika zake za mwisho.

Somo letu la leo ni ubishi huo. Kusema filamu ni nzuri au mbaya ni kazi nyepesi. Tutauliza jambo gumu zaidi: mtazamaji anapotoa maoni yake kwa uhakika mkubwa, uhakika huo ameutoa wapi? Na je, angehukumu vivyo hivyo kama asingeonyeshwa kila kitu? Swali hili linatugusa wanafunzi Waislamu kwa namna ambayo wengi hawaitarajii, na tutaiona kabla ya somo kwisha.

Tahadhari kwa ambaye hajaiona: mwisho wa filamu umeelezwa humu. Somo lisingewezekana bila hivyo.

Kisa chenyewe

Filamu iliongozwa na watu wawili, Andrew Lau na Alan Mak. Usimchanganye Andrew Lau, mwongozaji, na Andy Lau, mmoja wa waigizaji wakuu.

Kijana wa kwanza ni Chan Wing-yan, aliyeigizwa na Tony Leung Chiu-wai. Tumwite Yan. Anafukuzwa chuo cha polisi, na wenzake wanamwona akitoka getini na mzigo wake. Kufukuzwa huko ni geresha. Wakubwa wachache wamemchagua aingie kwenye genge na kuishi humo kama mhalifu.

Kijana wa pili ni Lau Kin-ming, ndiye Andy Lau. Huyu ni mtoto wa genge. Bosi wake, Hon Sam, amemtuma ajiunge na polisi, asome, apande vyeo, na awe sikio lake ndani ya ofisi ya serikali.

Karibu miaka kumi inapita. Askari amekuwa mhalifu wa kuaminika. Mhalifu amekuwa ofisa nadhifu mwenye suti na mustakabali mzuri. Kila upande una pandikizi la upande mwingine, wala haujui.

Usiku mmoja genge linanunua dawa za kulevya. Polisi wanasikiliza kwa mbali. Yan anapeleka habari kwa alama za Morse, akigonga kwa kidole tu. Lau naye, akiwa ndani ya chumba cha polisi, anamtahadharisha Sam. Mpango wa genge unaharibika, na mtego wa polisi unaharibika pia. Hapo pande zote mbili zinang'amua kwamba kuna mtu kati yao.

Lau anapewa kazi mbili. Sam anamtaka amtafute askari aliyejificha ndani ya genge. Wakubwa wa polisi nao wanamtaka alitafute pandikizi lililo ndani ya polisi, yaani ajitafute mwenyewe. Fisi amekabidhiwa bucha.

Kufikia hapo mtu mmoja tu aliye hai anajua kwamba Yan ni askari: mkuu wake, Wong. Genge linamtupa Wong kutoka juu ya jengo, na anaangukia juu ya teksi mbele ya macho ya Yan. Baadaye Lau anamgeuka bosi wake na kumuua Sam kwa mkono wake mwenyewe. Kwa macho ya polisi, Lau sasa ni shujaa.

Yan anakuja kituoni kudai jina lake. Anapokelewa na Lau. Mezani anaiona bahasha yenye mwandiko wake yeye Yan, bahasha ambayo ilipaswa kuwa mikononi mwa Sam. Anaelewa papo hapo, na anaondoka kimya. Lau anaporudi na kukuta kiti kitupu, naye anaelewa. Anafungua kompyuta na kulifuta faili la Yan.

Wanakutana juu ya paa la jengo. Yan anamtia Lau pingu na kumwelekezea bastola. Ofisa mwingine anatokea. Yan anajieleza, anarudi nyuma na mateka wake hadi kwenye lifti, na hapo anapigwa risasi ya kichwa. Aliyempiga ni yule ofisa, ambaye kumbe naye ni pandikizi la Sam. Lifti inashuka. Ndani yake Lau anamuua yule ofisa pia, kisha milango inapofunguka anatoka akiwa ameinua kitambulisho chake cha polisi.

Baadaye kumbukumbu za Yan zinapatikana na anazikwa kwa heshima za polisi. Lau yuko pale kaburini, anapiga saluti.

Kosa moja, hukumu tatu

Jambo linaloifanya filamu hii iwe darasa zuri ni kwamba kisa hicho hicho kina miisho mitatu tofauti.

Wa kwanza ni huo tuliousimulia, uliotazamwa Hong Kong. Pandikizi linabaki hai na cheo chake.

Wa pili ulipigwa kwa ajili ya China bara, ambako wakaguzi wa filamu hawapendi mhalifu aonekane amesalimika. Humo Lau anatoka kwenye lifti na kuambiwa kwamba ushahidi dhidi yake umepatikana. Anakamatwa.

Wa tatu ulitoka Marekani mwaka 2006, pale Martin Scorsese alipokitengeneza upya kisa hicho kwa jina la The Departed, akakihamishia Boston. Yan akawa Billy Costigan, ambaye ni Leonardo DiCaprio. Lau akawa Colin Sullivan, ambaye ni Matt Damon. Bosi wa genge akawa Frank Costello, ambaye ni Jack Nicholson. Costigan anauawa kwenye lifti kama Yan. Lakini siku chache baadaye Sullivan anaporudi nyumbani kwake na mifuko ya vyakula, anamkuta ofisa Dignam akimngoja, na anapigwa risasi. Kisha kamera inaonyesha panya akitembea kwenye ukingo wa baraza.

Kwa hiyo kosa ni moja na hukumu ni tatu: aliyesalimika, aliyekamatwa, aliyeuawa. Mwambie mtu achague mwisho anaoupenda, na mara nyingi atakuwa amekueleza anavyoielewa haki.

Watazamaji wanasemaje

Ukiwasikiliza waliozitazama filamu hizi, utawakuta katika makundi manne.

Kundi la kwanza linakasirika. Linasema mwema amekufa bila jina na mwovu amepiga saluti kwenye kaburi lake, basi filamu imefundisha nini? Watu wa kundi hili wanataka haki waione kwa macho, na waione kabla taa hazijawashwa.

Kundi la pili linajibu kwamba Lau hakusalimika. Linaelekeza kwenye jina la filamu kwa Kichina, linalotokana na fundisho la Kibudha kuhusu jahanamu ya chini kabisa, ambayo mateso yake hayana mapumziko. Kwa kundi hili, kuishi ndani ya uongo wako mwenyewe, ukiheshimiwa kwa kitu usichokuwa, ni adhabu nzito kuliko pingu. Linauona mwisho wa China bara kama zawadi kwa Lau, kwa sababu unampunguzia mzigo.

Kundi la tatu linaipenda The Departed. Linasema kila aliyepanda amevuna, na hesabu imefungwa. Filamu hiyo ilipata tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Infernal Affairs nayo ilipata tuzo ya filamu bora Hong Kong mwaka 2003, kwa hiyo ukitumia tuzo kama kipimo, ubishi hauishi. Wapinzani wa kundi hili hulalamika kwamba filamu ya Hong Kong inamaliza kazi kwa dakika 101, wakati ya Marekani inachukua 151, inajaa matusi, na inaongeza maiti. Na yule panya wa mwisho hawamsamehei kabisa, kwa madai kwamba anamweleza mtazamaji kitu alichokwisha kukielewa. Mwaka 2019 mtazamaji mmoja alifikia hatua ya kuanzisha mchango mtandaoni ili panya huyo afutwe kwenye filamu.

Kundi la nne ni dogo, na mara nyingi halisikiki. Linauliza juu ya Yan mwenyewe. Katika miaka yote hiyo amepiga watu, na mahakama imempeleka kwa daktari wa akili kwa sababu ya ugomvi wake. Je, aliyoyafanya kwa jina la kazi ni halali yote kwa kuwa tunampenda? Na wakubwa waliomwacha humo mwaka baada ya mwaka wana jukumu gani?

Kila kundi lina hoja. Ukikaa kwenye meza ya mjadala, usilidharau hata moja. Lakini kuna jambo ambalo makundi yote manne yanakubaliana bila hata kulitaja, na humo ndimo somo letu lilimo.

Mtazamaji ana faili

Hakuna mtazamaji hata mmoja anayetia shaka kwamba Yan ni askari. Hakuna anayetia shaka kwamba Lau ni pandikizi. Ubishi wote ni juu ya kinachowastahili.

Tumeyajuaje haya? Hatukuyajua kwa werevu wetu. Mwongozaji alitufungulia faili mapema kabisa. Alituonyesha Yan akifukuzwa na sababu ya kufukuzwa kwake, na akatuonyesha Sam akiwaaga vijana wake wanaokwenda polisi. Tangu hapo tunakaa kwenye viti vyetu tukijua yasiyojulikana na mtu yeyote ndani ya filamu.

Sasa jaribu kukaa mahali pa ofisa wa kawaida aliyekuwa pale chini milango ya lifti ilipofunguka. Anaona nini? Maiti ya mtu wa genge mwenye rekodi ya ugomvi. Ofisa mwenye sifa nzuri akiwa hai. Kwenye kompyuta hakuna faili linalosema vinginevyo. Mtu mwadilifu kabisa, akipima kwa alichonacho mkononi, angempongeza Lau na kumlaani Yan. Wala asingekuwa mjinga au mwovu. Angekuwa tu amekosa faili.

Uhakika wetu, basi, ni zawadi ya kamera. Na ukitaka ushahidi kwamba ni zawadi, angalia kinachotokea pale kamera inapokataa kuitoa.

Katika The Departed yupo mtu wa genge anayeitwa Delahunt. Anampigia simu Costigan na kumpa anwani ya mahali pa kukutana. Baadaye Delahunt anajeruhiwa kwa risasi, na kabla ya kukata roho anamwambia Costigan kwamba ile anwani aliyompa haikuwa sahihi, na bado Costigan alifika mahali sahihi. Maana yake amejua kwamba Costigan ndiye askari, na hakumwambia mtu. Kisha runinga inatangaza kwamba Delahunt alikuwa askari wa siri. Costello hasadiki. Anaona kwamba polisi wametoa habari hiyo ili aache kumtafuta mtu wao halisi.

Je, Delahunt alikuwa askari? Filamu haisemi. Na hapo watazamaji wale wale waliokuwa na uhakika kama mawe juu ya Costigan na Sullivan wanagawanyika. Mmoja anasema ndiyo, la sivyo angemchoma Costigan kwa bosi. Mwingine anasema hapana, alinyamaza kwa sababu ya urafiki au kwa sababu alikuwa anakufa. Macho ni yale yale na akili ni zile zile. Kilichopungua ni faili tu.

Zingatia pia jinsi Yan mwenyewe alivyoujua ukweli. Huyu ni mpelelezi mzoefu. Kabla ya siku ya bahasha alikwisha kumfuatilia Lau akitoka kwenye jumba la sinema baada ya kukutana na Sam, akawa nyuma yake hatua chache, lakini simu yake ikalia na Lau akaponyoka. Aliona mgongo, hakuona uso. Hakujenga hukumu juu ya mgongo huo. Aliyemtambulisha Lau hatimaye ni karatasi iliyoandikwa kwa mkono ambao Yan aliujua bila shaka, iliyokuwa mahali ambapo haingeweza kuwa kwa bahati mbaya. Hiyo ndiyo tofauti kati ya dhana na ushahidi, na filamu imeionyesha bila kutoa hotuba.

Nje ya ukumbi

Mtu atasema: hizi ni filamu, tunastarehe. Ni kweli. Lakini The Departed ilipohamishia kisa Boston, ilikipeleka mahali palipokuwa na jeraha lake halisi. Costello amechorwa kwa sehemu kutokana na James "Whitey" Bulger, kiongozi wa genge wa jiji hilo ambaye alikuwa pia mtoa habari wa FBI. Ofisa wa FBI aliyekuwa akimsimamia, John Connolly, alimpa habari za siri zilizomsaidia kukwepa sheria, na alitiwa hatiani mwaka 2002. Bulger alitoroka kwa miaka mingi, akakamatwa mwaka 2011 na kuhukumiwa mwaka 2013. Katika kisa hicho cha kweli hakukuwa na kamera iliyowaonyesha wakazi wa Boston nani ni nani. Familia za waliouawa zilisubiri miaka na miaka kupata faili ambalo mtazamaji wa sinema hupewa kabla bisi zake hazijapoa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Tunapotazama filamu ya askari kanzu, tunakaa begani mwake. Tunaogopa anapoogopa, tunamwombea asigunduliwe. Ni mara chache tunajiuliza inakuwaje kwa wale waliokaa upande wa pili wa meza, hasa ikiwa hawana kosa lolote.

Mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilianza kuchapisha habari kuhusu idara ya polisi ya New York, na habari hizo zilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2012. Zilionyesha kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, polisi wa jiji hilo walipeleka askari wa siri na watoa habari misikitini, madukani, migahawani, na kwenye vyama vya wanafunzi Waislamu vyuoni. Mwaka 2008 askari mmoja wa siri alijiunga na wanafunzi Waislamu wa City College ya New York katika safari ya michezo ya majini. Katika taarifa iliyoingia kwenye mafaili ya polisi, majina ya wanafunzi yaliandikwa, na ikatajwa pia mara ngapi kwa siku kundi hilo lilisali.

Tafakari hilo kidogo. Wanafunzi wamekwenda mtoni kupiga makasia. Mmoja wao anahesabu sala.

Mwaka 2012 ofisa wa juu wa idara hiyo alieleza kwa kiapo kwamba katika muda wake wote, kazi ya kitengo kilichokuwa kikichora ramani ya maisha ya Waislamu haikuzaa hata uchunguzi mmoja wa ugaidi. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 2014. Kesi zilifunguliwa, na vyama vya wanafunzi Waislamu vilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Kesi moja ilifikia makubaliano mwaka 2016, nyingine mwaka 2018, na polisi wakakubali masharti yanayozuia kumpeleleza mtu kwa sababu ya dini yake tu.

Lakini hasara kubwa haikuwa kwenye makaratasi. Mwaka 2013 wanasheria na watetezi wa haki wa jijini humo walitoa ripoti iliyokusanya maneno ya wanafunzi na waumini wengine. Watu waliacha kuzungumza siasa. Mgeni akiingia kwenye chumba cha sala, alitazamwa kwa shaka. Aliyesilimu karibuni, aliyestahili kupokewa kwa mikono miwili, alishukiwa. Askari kanzu akishajulikana kwamba aliwahi kuwapo, kila uso mpya unakuwa uso wake, hata kama yeye aliondoka zamani.

Sasa rudi kwenye filamu. Mtazamaji wa Infernal Affairs anamwona pandikizi halisi, moja, lenye jina. Mwanafunzi wa New York hakuona lolote. Alibaki na migongo tu, kama ule mgongo uliotoka kwenye jumba la sinema.

Chuoni kwetu

Hatuhitaji kwenda New York kuyaona haya. Katika chuo chochote chenye uchaguzi wa viongozi, mgomo, au mvutano na uongozi, neno "shushushu" halikosi. Mwanachama mpya anauliza maswali mengi, anaitwa shushushu. Mwingine ameonekana akitoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, anaitwa shushushu. Ujumbe unapita kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na kufika alfajiri mtu hana rafiki msikitini.

Aliyeandika ujumbe ule anahukumu kana kwamba yuko kwenye kiti cha sinema. Anadhani amelisoma faili, na alichokiona ni mgongo. Surat al-Hujurat imeyaweka pamoja mambo haya matatu: kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, kujiepusha na dhana, na kutopelelezana. Hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Dhana huzaa upelelezi, upelelezi huzaa habari, na habari isiyohakikiwa humuumiza asiye na kosa.

Kwa upande mwingine, tusigeuze somo hili kuwa ujinga. Lau walikuwapo, na wapo. Ulimwengu una watu wanaoingia mahali kwa jina lisilo lao. Anayesema mapandikizi hayapo atakuwa amelala usingizi. Jambo tunalojifunza ni mahali pa kuweka mzigo: mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, na mpaka athibitishe, mtu anabaki na jina lake jema. Ikiwa kuna hofu ya kweli, ina njia zake: kuzungumza na mhusika ana kwa ana, kupeleka jambo kwa viongozi wachache wenye busara, kuweka mikutano yetu wazi kiasi kwamba hata akija anayehesabu, atahesabu mema. Kundi la WhatsApp halimo katika njia hizo.

Namna ya kutoa maoni yenye uzito

Tuyafunge tuliyojifunza kwa hatua nne. Zitakusaidia utakapoulizwa maoni juu ya filamu yoyote ya aina hii, na zitakusaidia zaidi utakapoulizwa maoni juu ya mtu.

Kwanza, tenga ulichokiona na ulichokihisi. "Lau alitoka kwenye lifti akiwa hai" ni jambo lililoonekana. "Filamu imemtukuza mwovu" ni hukumu. Kati ya hayo mawili pana safari, na msikilizaji ana haki ya kuijua njia uliyopita.

Pili, uliza umejuaje. Je, kamera ilikuonyesha, mhusika alisema, au umejaza mwenyewe? Delahunt ni mtihani mzuri. Anayesema kwa kiapo kwamba alikuwa askari, mwombe akuonyeshe faili.

Tatu, kaa kwenye kiti cha asiyejua. Kabla ya kuwacheka polisi wa filamu kwamba hawakumwona mhalifu aliyekaa mezani kwao, jiulize wewe ungemwonea wapi.

Nne, uliza nani analipa. Katika mwisho unaoutaka wewe, nani anabeba gharama? Aliyependa Dignam amuue Sullivan amefurahia mtu mmoja kuwa shahidi, hakimu na mnyongaji kwa pamoja. Kwenye filamu tunajua hakukosea mtu. Mtaani hatujui kamwe.

Na lile kundi la kwanza, linalolia kwamba stelingi amekufa bila haki, lisibezwe. Kilio chake ni kilio cha kweli, na binadamu asiyekereka mbele ya dhulma ana kasoro. Lakini haki ya Yan haikuharibika kwa sababu filamu haikumwadhibu Lau. Iliharibika zamani, siku ambayo jina lake jema lilihifadhiwa katika faili moja na kifua cha mtu mmoja, na watu wengine wote wakaachwa wamjue kwa sura yake ya nje. Sisi tunaishi na mamia ya watu ambao mafaili yao hatujayaona. Wengi wao ni wema kuliko wanavyoonekana. Tuwape jina jema mpaka paje ushahidi, kwani hata sisi tunatembea katikati ya watu ambao hawajaliona faili letu.

Maswali kwa ajili ya duru ya masomo

1. Kati ya miisho mitatu, wewe unachagua upi? Eleza sababu yako, kisha eleza hoja yenye nguvu kuliko zote ya anayekupinga.

2. Taja jambo moja ambalo wewe mtazamaji unalijua kuhusu Yan, na hakuna mtu ndani ya filamu anayelijua. Lingefutwa, maoni yako yangebaki yale yale?

3. Delahunt alikuwa askari au la? Gawanyikeni pande mbili. Kila upande utumie yaliyoonekana kwenye filamu tu. Kisha semeni kwa uaminifu: ushahidi unafika wapi, na dhana inaanzia wapi?

4. Mwanachama mpya wa chama chenu amesemwa kwenye kundi kwamba ni shushushu. Wewe ni mmoja wa viongozi. Andika mambo matatu utakayoyafanya kabla ya swala ya Alfajiri, na moja ambalo hutalifanya.

Wabillahi taufiq.